AFYA YA FAMILIA: Mtoto Anavimba, Hanenepi

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo waganga wanaliita stresi oksidativu. Jina ni refu, lakini msiligope. Kitu chenyewe tunakiona kila siku nyumbani, na kinahusu watoto wetu moja kwa moja.

Kateni avoka muiache mezani. Baada ya muda kidogo inakuwa nyeusi. Acheni panga nje kwenye umande, asubuhi kutu imeshaanza. Acheni mafuta ya mawese wazi wiki nyingi, yanachacha na kunuka. Avoka, panga, mafuta: ni vitu vitatu, lakini anayeviharibu ni mmoja. Ni oksijeni, ile hewa tunayovuta sisi wote ili tuishi. Kumbe hewa inayotupa uhai, ndiyo hiyo hiyo inayokula chuma!

Na ndani ya mwili je? Mwili unaunguza chakula kwa oksijeni, kama mbabula inavyounguza makala. Hapo ndipo tunapata nguvu na joto. Lakini kila mbabula inatoa cheche. Cheche za mwilini zinaitwa radikali huru. Ni chembe ndogo sana iliyopungukiwa na kitu chake kimoja, basi inamnyang'anya jirani. Jirani naye akibaki na upungufu, ananyang'anya anayefuata. Ni kama watoto watano chini ya blanketi moja usiku wa baridi. Mmoja akivuta, wa pili anabaki wazi, naye anavuta, na mwisho nyumba nzima haijalala.

Mungu hakuumba mwili bila zima-moto. Mwili unatengeneza dawa yake yenyewe ya kuzima cheche, inaitwa glutathioni. Tena unasaidiwa na vitamini C, vitamini E, zinki, seleni na vingine tunavyopata katika chakula. Cheche kidogo si mbaya, hata askari wa mwili wanazitumia kuua vijidudu. Shida inakuja pale cheche zinapokuwa nyingi kuliko maji ya kuzimia. Hiyo ndiyo stresi oksidativu. Wataalamu wameiona katika magonjwa mengi: ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa sukari, mapafu yaliyoharibiwa na moshi, malaria kali. Leo tunachagua ugonjwa mmoja tu, kwa sababu huo unaingia katika nyumba zetu.

BWAKI

Sisi tuliotoka Kivu tunaijua kwa jina la bwaki. Kizungu wanasema kwashiorkor. Jina hilo si la Kizungu hata! Ni la lugha ya Waga wa Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina. Wamama wa kule walimweleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye ziwa wakati mdogo wake anakuja.

Dalili zake mnazijua. Miguu inavimba, yote miwili. Uso unakuwa wa mviringo. Nywele zinakuwa laini, chache, za rangi nyekundu-nyekundu. Ngozi inachubuka kama iliyoungua. Mtoto hachezi, hataki kula, ananung'unika tu.

Hapa pana mtego. Mtoto wa marasmi, yule aliyekonda mpaka mifupa inaonekana, kila mtu anamwona na kusema, "Huyu anaumwa." Lakini mtoto wa bwaki amejaa maji. Kwenye mizani anaweza kuonekana ana uzito. Jirani anapita na kusema, "Eh mama, mtoto wako ananona!" Mama anafurahi, na siku zinapita. Wamama wapendwa, mtoto anayevimba miguu hanenepi. Anaharibika ndani, na anaweza kufa haraka.

CHANZO CHAKE NI NINI?

Wakoko zetu walisema bwaki inakuja mama akilala na mume wakati bado ananyonyesha, au mmoja kati yao akitoka nje ya ndoa. Maneno hayo yamevunja nyumba nyingi. Tena yameua watoto, kwa sababu mama anayeogopa kusemwa anamficha mtoto ndani mpaka inakuwa kuchelewa. Tunasema wazi: bwaki si alama ya dhambi ya mama. Ni kweli kwamba mimba zikifuatana karibu-karibu, mtoto anaachishwa ziwa mapema na chakula kinapungua. Lakini hapo tunazungumza juu ya chakula na uzazi wa mpango. Mambo ya kuhukumiana tuyaache.

Waganga wenyewe walibishana miaka mingi. Kwanza walisema ni upungufu wa protini, yaani nyama, samaki, maharagi, maziwa. Lakini mwaka 1968 mtaalamu wa India, Gopalan, alionyesha kwamba watoto wanaokula chakula cha aina moja, mwingine anapata bwaki na mwingine anakonda tu. Basi protini peke yake haikutosha kueleza.

Katika miaka ya 1980, daktari Michael Golden, aliyefanya kazi Jamaika, alileta wazo jipya. Alisema mtoto wa bwaki ni mtoto aliyezidiwa na cheche. Anakula chakula kisicho na vitu vya kuzimia, halafu zinakuja surua, kuhara, malaria, vijidudu vya maji machafu. Kila ugonjwa unaongeza cheche. Kweli, walipopima damu ya watoto wa bwaki, walikuta glutathioni imeshuka sana, kuliko kwa watoto waliokonda tu. Cheche zinapochoma kuta za seli, maji yanatoka mahali pake, ini linajaa mafuta, ngozi inachubuka.

Wazo zuri, si ndiyo? Basi wakalipima. Huko Malawi walichukua watoto 2,372 wa mwaka 1 hadi 4. Nusu wakapewa unga wenye vitu vya kuzima cheche, nusu unga wa kawaida, kwa majuma 20. Matokeo yalitoka mwaka 2005: unga ule haukuzuia bwaki. Mwaka 2013 utafiti mwingine wa Malawi, juu ya watoto mapacha, ulionyesha kwamba vijidudu vya tumboni navyo vina sehemu yao. Kwa hiyo leo tunajua hivi: cheche zipo, na mtoto wa bwaki kweli amezidiwa nazo. Lakini hakuna kidonge kimoja kinachokinga. Kinachokinga ni chakula cha kuchanganya, maji safi, chanjo na kuwahi matibabu.

MIHOGO PEKE YAKE HAITOSHI

Iwe hapa Gasorwe, upande wa Muyinga, iwe kule Mutoyi kwenye vilima vya Gitega, chungu ni kile kile. Bugali wa mihogo, ndizi, viazi, maharagi yakipatikana. Tena hali ngumu haiwahusu wakimbizi peke yao. Uchunguzi wa taifa wa Burundi wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kwamba watoto 56 kati ya 100, chini ya miaka 5, wana urefu mdogo kuliko umri wao.

Bugali wa mihogo unashibisha, lakini hauna protini ya kutosha. Na mihogo michungu ina sumu, sianidi. Mwili, ili kuitoa sumu hiyo, unatumia salfa, na salfa ndiyo hiyo hiyo inayohitajika kutengeneza glutathioni. Ni kama kutumia maji ya kunywa kufua nguo: mwisho mtungi ni mtupu. Ndiyo sababu mihogo michungu isiyoloweshwa vizuri inaleta pia konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao hauponi. Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba konzo imeonekana hata kwetu Kivu ya Kusini. Lowesheni mihogo michungu siku tatu kamili, muianike vizuri, hata kama njaa inawasukuma.

Na posho ikiwa ndogo tufanye nini? Hatutawaambia mle nyama kila siku, tunajua hali. Tunasema changanyeni:

- Bugali na maharagi pamoja. Kinachokosekana kwa huyu, yule anacho.
- Ndagala kidogo zilizosagwa, mtieni mtoto ndani ya uji. Vijiko viwili ni vingi kwa tumbo dogo. Karanga zilizosagwa vilevile.
- Lengalenga, sombe, majani ya maboga. Lengalenga inaota hata kwenye gunia la udongo karibu na mlango.
- Mafuta ya mawese mekundu, tieni kidogo mwishoni. Msiyaunguze mpaka yakawa meupe, maana ile rangi nyekundu ndiyo vitamini.
- Pera, papai, embe, wakati wake ukifika. Pera moja lina vitamini C nyingi.
- Ziwa la mama: miezi 6 ziwa peke yake, halafu ziwa pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi.

KIPIMO CHA KIDOLE GUMBA

Kipimo hiki hakina bei. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, hesabu polepole mpaka tatu, achia. Fanya na mguu wa pili. Kama shimo linabaki pande zote mbili, usingoje kesho. Usingoje baba watoto arudi kutoka kazini. Peleka mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama utepe wa mkono unaonyesha kijani. Utepe huo ni wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5: chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu, na mtoto anaingizwa katika matibabu. Lakini mtoto aliyevimba miguu yote miwili anaingizwa hata mkono wake ukiwa mnene.

Aliye kambini aanze kituo cha kambi. Ndugu zetu walio upande wa Bugendana wako karibu na hospitali ya Mutoyi.

Kuna mambo matatu ya kukatazwa kabisa:

La kwanza, msimpe dawa ya kukojoa eti maji yatoke. Maji hayo si ya ziada kama mnavyofikiri, na dawa hiyo inaweza kumwua.

La pili, msimnunulie dawa ya kuongeza damu, ile ya feri. Hapa somo letu la kutu linarudi. Feri ni chuma, na chuma kikiwa huru katika mwili uliodhoofika kinazidisha cheche na kulisha vijidudu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa namna hii asipewe feri siku za kwanza. Muda wake ukifika, muuguzi atajua.

La tatu, msimlazimishe nyama na mayai mengi kwa mara moja. Hospitalini wanaanza na maziwa maalumu yenye protini kidogo, F-75, halafu F-100 au ile karanga ya pakiti, Plumpy'Nut. Pakiti hizo ni dawa ya mtoto mgonjwa. Tunajua zinauzwa sokoni na zinagawanywa kwa ndugu zake wote. Wapendwa, kumgawia mkubwa ni kumnyima mgonjwa siku zake za kupona.

Tena msikate tamaa katikati. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, ambako hospitali ya watoto imetibu utapiamlo miaka mingi, watafiti waliwafuata watu waliotibiwa wakiwa wadogo kati ya 1988 na 2007. Wengi wameishi, ni watu wazima leo. Lakini kwa masomo walibaki nyuma kidogo kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba kuponya ni vizuri, kuzuia ni vizuri zaidi, na mtoto aliyepona anahitaji kusaidiwa na shule.

NA VIDONGE VYA SOKONI?

Wanapita watu wakiuza vidonge na unga wa "kusafisha mwili", eti unaondoa stresi oksidativu, sukari, presha, hata kansa. Bei yake ni posho ya familia. Wasomaji wetu, sikilizeni habari ya Ufini. Wanaume 29,133 wavuta sigara waliingizwa katika utafiti wa vidonge vya kuzima cheche, kuona kama vitawakinga na kansa ya mapafu. Mwaka 1994 majibu yalitoka: waliopewa beta-karotini walipata kansa hiyo zaidi kuliko wasiopewa. Kitu kile kile ndani ya boga au karoti ni chakula, lakini kikikazwa ndani ya kidonge kinaweza kudhuru. Hela hiyo nunueni ndagala na mafuta mekundu.

Na wababa, neno moja kwenu. Moshi wa sigara na wa kuni ndani ya nyumba unaongeza cheche katika mapafu ya kila mmoja. Vuteni nje, au afadhali muache. Mbabula iwekwe mlangoni au nje mvua isiponyesha, na usiku isilale ndani na watu kamwe.

Mwezi huu tunaomba kila nyumba ifanye kitu kimoja: jioni ya leo, mama au baba, au hata dada mkubwa, abonyeze miguu ya kila mtoto mdogo. Mkimaliza kwenu, ulizeni na kwa jirani, lakini kwa upole, bila kumwaibisha mtu. Mama mwenye mtoto wa bwaki anahitaji mtu wa kumsindikiza kituoni na wa kumwangalia watoto waliobaki. Maswali yenu mtuletee kama kawaida.

Tukutane mwezi ujao. Mungu awalinde.