Mzee wa Homa Bay hakuzaliwa 1970!

Wenzangu waandishi wa programu, leo tugombane kidogo. Acheni kugeuza tarehe ya kuzaliwa kuwa sekunde!

Hapa kwetu Migori na Homa Bay nimeona orodha ambamo wazee kadhaa ni mapacha: wote wamezaliwa 1 Januari 1970. Nyanya mwenye vitukuu anaambiwa ana miaka hamsini na kitu. Msicheke. Posho ya wazee ya Inua Jamii ni ya miaka 70 na zaidi, na aliyezaliwa 1970 atafika hapo mwaka 2040.

Ugonjwa unajulikana. Unix huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Katika PHP, strtotime() ikishindwa kusoma tarehe hurudisha false. Mvivu hakagui, anaipeleka moja kwa moja kwa date(). False inageuka sifuri, na sifuri ndiyo 1970.

Na wazee wengi wanajua mwaka tu. Jaribu strtotime('1938'). PHP inadhani ni saa! Inakupa leo, saa 1:38 usiku. Mzee amezaliwa leo jioni. Watu wa Python nanyi tulieni: mkiisoma 38 kwa %y mnapata 2038.

Najua jibu lenu: "Siku hizi ni biti 64." Kweli, ukuta wa biti 32, ulioishia 13 Desemba 1901, umeondoka. Ulikuwa ukuta wa kweli: misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianza 1906, kwa hiyo mtu mzima aliyebatizwa pale miaka ile hangeingia kwenye mashine ya namna hiyo. Lakini biti 64 hazitibu uvivu. Kuanzia 1937 hadi Julai 1942 saa ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, si saa 3. Hifadhi mwanzo wa siku ya 12 Machi 1940 kwa kukisia saa 3, kisha usome kwa Africa/Nairobi: unapata 11 Machi, saa 5:45 usiku. Mzee amepoteza siku, na kitambulisho chake hakilingani tena na rekodi yako.

Siku ya kuzaliwa si sekunde, ni maneno ya kalenda. MySQL ina DATE, inayoanzia mwaka 1000; itumieni, si TIMESTAMP inayoanzia 1970. Kagueni kwa checkdate(). Aliyetoa mwaka tu, hifadhini mwaka tu, msimbunie siku. Na programu isipoelewa, iseme haijaelewa, karani aulize tena.

Mzee hana namna ya kubishana na kompyuta. Karani ataamini kioo, si mvi. Basi anayebisha abishane na mimi, lakini kwanza akahesabu ni watu wangapi katika hifadhidata yake walizaliwa 1 Januari 1970.