Mchambuzi wa Akili Mnemba, Nani Kakutawaza?



Tulivuka maji hadi Tanga, tukapanda gari mpaka Kwashemshi kule Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Tulikuwa tunamuoza binti wa ukoo wetu. Usiku wa hina ndipo hasira yetu ilipoanza.

Bibi harusi alikuwa na mchoro wa hina uliotengenezwa na akili mnemba kwenye simu. Mkono laini, maua yamejaa hadi kiwikoni, na vidole sita! Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Hapo binamu mmoja akatuwekea klipu ya kijana mwenye maikrofoni, mmoja wa hawa waliojitawaza wachambuzi. Akili mnemba ni upepo mtupu, anasema, puto litapasuka, na akina dada wanaoichezea ni washamba. Wafuasi kibao. Alijifunzia wapi, ameijaribu kwa kazi gani, hasemi. Mwishoni anauza kozi. (Ndiyo, kozi ya kukufundisha usidanganywe.)

Hatuwatetei wanaotuuzia mashine hizi, nao chumvi yao haina kipimo. Ila huyu anayetwambia kitu hicho hakina lolote anatuacha uchi zaidi. Picha ya uongo ya mwanamke bila mtandio, yenye sura yake hasa, inatengenezwa na hichohicho kisicho na lolote. Mume mtarajiwa akirushiwa picha hiyo wiki moja kabla ya nikaha, mama wa bibi harusi atajitetea kwa kusema ni upepo?

Watu wa Korogwe wanajua haya kuliko yeye. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori. Kamba hizo hazikumuuliza mkata mkonge kama anaziamini.

Wakosoaji wa kweli wapo, na tunawaheshimu. Nairobi kulikuwa na wafanyakazi wa kampuni ya Sama waliosoma maandishi machafu kupindukia, ya ubakaji na ukatili kwa watoto, ili ChatGPT ifunzwe kuyakwepa. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwaka huohuo baadhi yao walipeleka malalamiko Bunge la Kenya. Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, alitoka Google mwaka 2020 baada ya mvutano juu ya andiko alilolishiriki kuhusu hatari za mashine hizi. Hao wamelipia maneno yao. Kijana wa maikrofoni amelipia nini?

Na sisi tunaosambaza klipu zake tujitazame. Suratul Hujurat imetufunza kuhakiki habari kabla ya kuibeba, iwe ya kusifu au ya kuponda.

Turudi chumba cha hina, maana kicheko kilikatika ghafla. Shoga wa bibi harusi alisema kwamba wiki iliyopita walimpigia picha akiwa kichwa wazi, wakaiingiza kwenye programu fulani waone shela gani itampendeza. Programu ya nani? Hakuna aliyejua. Picha inahifadhiwa wapi? Kimya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na ina Tume ya kupokea malalamiko, lakini chumba kizima hakuna aliyewahi kuisikia. Mchambuzi wetu angetumia dakika moja ya klipu yake kulisema hilo, tungemwombea dua.

Somo alichora hina kwa mkono wake mwenyewe. Bibi harusi akaifuta ile picha kwenye simu, kisha akatuuliza kama huko ilikokwenda nako imefutika.