Ngome ya Taifa Hujengwa Shuleni

Novemba 18, 2018, Taifa Stars ilifungwa na Lesotho bao 1-0 mjini Maseru. Machi 24, 2019, iliibwaga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kupata nafasi ya fainali za Mataifa ya Afrika, ya kwanza tangu 1980. Simon Msuva alifungua milango. Mabao mawili yaliyofuata yalitiwa kimiani na walinzi, Erasto Nyoni kwa penalti na Aggrey Morris.

Fundisho liko wazi. Mlinzi si wa kuondosha mpira tu. Yeye pia ni chanzo cha mashambulizi. Ustadi huo haupatikani katika kambi ya siku chache baina ya mechi mbili.

Mwaka 2019 Mtwara ilikuwa mwenyeji wa UMISSETA. Mwaka uliofuata Ndanda ikateremka kutoka Ligi Kuu. Klabu inaposhuka, jicho la wateuzi huhama. Kijana wa Msimbati au Mikindani hubaki na mwalimu wake tu.

Kwa hiyo, mwalimu anayefuta kipindi cha michezo, na ofisa anayemwachia afanye hivyo, hapana budi watambue kwamba wanapunguza orodha ya timu ya Taifa kabla haijaandikwa.