Breki Ngumu Siyo Breki Kali

Ipo imani moja, mijini na vijijini, ambayo nataka kuipiga vita katika kurasa hizi. Imani yenyewe ni kwamba breki ya baiskeli ikiwa ngumu mkononi, basi ni breki nzuri. Muuzaji wa baiskeli za mitumba huitumia kuuzia, fundi huitumia kujisifia, na mnunuzi huitumia kujidanganya. Mtu anaingia uani kwa muuzaji, anashika usukani, anabinya mkono wa breki mara mbili, anakuta hausogei ila kidogo, anaitikia kwa kichwa, anatoa fedha. Mimi nasema kwamba kwa aina ya breki ninayoizungumzia hapa, ugumu huo mara nyingi ni dalili ya ubovu, na ubovu huo unaweza kumuua mtu.

Breki yenyewe inaitwa kantileva. Sisi wazee tulizoea breki za fito za chuma, zile za Raleigh na Phoenix, ambazo huvuta raba kwenda juu na kuigusa rimu kwa upande wake wa ndani. Kantileva ni kitu kingine. Ina mikono miwili midogo, mmoja kila upande wa gurudumu, iliyofungwa kwenye vijiti viwili vilivyochomelewa kwenye foki au kwenye fremu. Waya mkuu hushuka kutoka kwenye usukani na kuishia kwenye ndoano iliyo juu ya tairi. Ndoano hiyo huvuta waya mfupi unaounganisha ile mikono miwili, nami nitauita waya wa daraja. Ukivutwa, mikono huzunguka na raba huibana rimu kutoka pande mbili. Baiskeli nyingi za milimani zilizotengenezwa miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 zilikuwa na breki za namna hii. Nyingine zingali zinatembea kwetu, zinabeba watoto wa shule, mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na madumu ya maji.

Siri ya kantileva iko kwenye waya wa daraja, na kila mtu aliyewahi kuanika nguo anaijua siri hiyo. Funga kamba baina ya nguzo mbili, ikaze mpaka inyooke, kisha ibonyeze katikati kwa kidole kimoja. Nguzo zote mbili zitainama kuelekeana, ingawa kidole hakikutumia nguvu ya maana. Sasa ilegeze kamba hiyo mpaka ining'inie kama bembea, uibonyeze tena. Nguzo hazitikisiki. Kwa hesabu, pande mbili za waya wa daraja zikiinuka kwa nyuzi 30 tu kutoka ulalo, kila upande hubeba mvuto sawa na ule wa waya mkuu mzima. Zikiinuka kwa nyuzi 60, kila upande hubeba kama asilimia 58 tu ya mvuto huo. Kwa hiyo ndoano ikikaa chini, karibu na tairi, breki hupata nguvu zaidi. Ikipandishwa juu, nguvu hupungua. Kwa mikono ya kizamani inayotanuka sana pembeni tofauti hiyo si kubwa kiasi hicho, lakini kwa mikono myembamba iliyosimama, ambayo ndiyo mingi katika baiskeli za miaka ya 1990, tofauti ni kubwa.

Hata hivyo, nguvu hainunuliwi bure. Unachopata katika nguvu unakilipa kwa mwendo. Breki iliyowekwa ndoano chini hutaka mkono wa breki uvutwe safari ndefu zaidi, na mwisho wa safari hiyo kiganja huhisi ulaini, kwa sababu raba na waya vinaminywa kwa nguvu nyingi. Ile iliyowekwa ndoano juu hugusa rimu upesi, kisha husimama kama ukuta. Mnunuzi aliyesimama uani, baiskeli ikiwa haiendi popote, huupenda ule ukuta. Fundi Mmarekani Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, aliandika kwa kirefu juu ya jambo hili, akionya kwamba hisia ya mkononi karakanani huwapoteza watu. Onyo lake halijafika kwenye vijiwe vyetu vya mafundi.

Nilimwuliza kijana mmoja fundi, hodari wa spana kwelikweli, kwa nini ameipandisha ndoano mpaka karibu na kichwa cha fremu.

"Shikamoo mzee. Bonyeza mwenyewe uone. Ngumu kama jiwe."

"Marahaba. Na inasimamisha?"

"Mzee, breki ngumu namna hii itaachaje kusimamisha?"

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kijana yule hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa amefanya kazi kwa bidii kuelekea upande usio sahihi, na wateja wake walikuwa wakimlipa na kumshukuru kwa hilo.

Lipo na kosa la pili, ambalo ni pacha wa hilo la kwanza. Mwaka 1996 kampuni ya Shimano ilileta breki iitwayo V, yenye mikono mirefu na isiyo na waya wa daraja. Mkono wa usukanini uliotengenezwa kwa breki ya V huvuta waya karibu mara mbili ya ule wa kantileva. Vikivunjika, mafundi hubadilishana vipuri hivi kama vile ni kitu kimoja. Ukifunga mkono wa V kwenye kantileva, unapata ugumu wa kupendeza na nguvu karibu nusu. Ukifunga mkono wa kantileva kwenye breki ya V, waya hautoshi. Mkono unaweza kufika usukanini kabla raba hazijabana sawasawa, na zikibana hushika kwa ghafla. Wa kwanza husifiwa, wa pili hulalamikiwa, na yote mawili ni makosa.

Wapo watakaosema mzee huyu anakuza mambo. Basi na wachukue barabara ya kutoka Lushoto kuteremka Mombo kwa kupitia Soni. Ni zaidi ya kilomita 30 za kona na mteremko, karibu mita 1,000 kutoka juu hadi chini. Baiskeli inayokwenda kilomita 36 kwa saa inakwenda mita 10 kila sekunde. Breki ikipunguza mwendo huo kwa mita 5 katika kila sekunde, baiskeli husimama ndani ya mita 10. Ikipunguza kwa mita 2 tu, husimama baada ya mita 25. Baina ya mita 10 na mita 25 kuna mbuzi, kuna lori lililoharibika kwenye kona, kuna mtoto aliyekimbilia mpira. Tena hapo sijaongeza uzito wa mkungu wa ndizi.

Nimesikia hoja tatu za kuutetea ugumu. Ya kwanza ni kwamba waya hutanuka, hivyo ni heri kuanza na breki ngumu. Jibu ni kwamba waya uliolegea hukazwa kwa nati yake katika dakika moja. Hauhitaji kuharibiwa mpangilio mzima. Ya pili ni kwamba breki ya mbele ikiwa na nguvu itamrusha mtu, na kwa hiyo ni afadhali iwe dhaifu, au ing'olewe kabisa. Ni kweli kwamba breki ya mbele ikivutwa kwa pupa huweza kurusha. Lakini wakati wa kusimama uzito wote huhamia mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuanza kuteleza, na breki ya nyuma peke yake ndiyo inayotupa zile mita 25. Dawa ni kumfundisha mtoto kuvuta polepole, mwili ukiegemea nyuma. Ya tatu ni kwamba zama za kantileva zimepita na sasa zipo breki za diski. Zipo, nami sizikatai. Lakini anayeleta hoja hiyo akumbuke kwamba mwenye baiskeli ya mtumba hakuichagua mbele ya kioo cha duka. Anayo hiyo hiyo, na kesho asubuhi ataipanda.

Kwa hiyo nadai nini? Nadai kwamba kabla fundi hajapokea malipo, awe amefanya mambo haya. Avitie grisi vile vijiti ambavyo mikono huzungukia, kwani kutu ya pale huzuia raba kuachia. Aweke raba katikati ya ukuta wa rimu, zisiguse tairi. Na akumbuke kwamba raba za kantileva kadiri zinavyolika huelekea chini, hivyo zisipoangaliwa huja kuchomoka chini ya rimu na kuingia kwenye spoki. Ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa kwa milimita moja hivi, ili breki isipige kelele. Kipande cha kadi kikiwekwa nyuma ya raba wakati wa kukaza kinatosha kupima. Ndoano aishushe chini kiasi ambacho mkono wa breki, ukivutwa kwa nguvu zote, bado unabakiza nafasi ya vidole viwili kabla ya usukani.

Na katika gurudumu la mbele asiache kuweka kizuizi. Waya mkuu ukikatika, waya wa daraja huweza kuangukia tairi lenye vinundu, ukanaswa na kulifunga gurudumu papo hapo. Mpandaji hana muda hata wa kuita mama. Madigadi, au kile kibati cha kushikia kioo chekundu au cheupe cha kuakisi mwanga, huukamata waya huo kabla haujafika kwenye tairi. Nimeona wauzaji waking'oa kibati hicho ili baiskeli ionekane nyepesi na ya kisasa. Huko ni kuuza kaburi kwa bei ya baiskeli.

Lawama haziishii kwa mafundi. Nimetumikia ualimu maisha yangu yote, na nimewasikia wanachuo wakitaja aina tatu za wenzo, egemeo, mzigo na jitihada bila kukosea neno, huku baiskeli iliyojaa nyenzo hizo imeegemezwa kwenye ukuta wa darasa hilo hilo. Tangu Mwalimu Nyerere aandike Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumeimba kwamba elimu lazima imsaidie mtu kuishi mahali anapoishi. Mtoto anayejua kuchora wenzo ubaoni lakini hajui kwa nini breki yake haishiki, huyo tumempa wimbo, hatujampa elimu. Somo moja la dakika 40, baiskeli moja, spana moja na kamba ya kuanikia nguo vingetosha.

Wewe mnunuzi, usiibinye breki ukiwa umesimama kisha ukaridhika. Isukume baiskeli hatua kadhaa, vuta breki ya mbele peke yake, uone kama gurudumu la nyuma linataka kuinuka. Lisipotaka, mrudishie mwenyewe hata akikuapia kwamba ni ngumu kama jiwe. Jiwe halijawahi kumsimamisha mtu mteremkoni ila kwa kumgonga.