Rangi Haikati Chuma

Wacha niseme mapema tusipotezeane wakati. Mtu yeyote anayesimama mbele ya vijana na kuwaambia "nunua mashine, ujiajiri", halafu ashuke jukwaani bila kusema mashine inakaguliwa vipi, huyo hatusaidii. Anatutayarisha kwa mnada.

Najua kwa sababu mimi nilipigwa huo mnada. Mwaka mmoja baada ya kuacha chuo (nilikuwa nasomea uhandisi, karo ikakataa kupatikana), mimi na binamu yangu tuliunganisha pesa. Yeye ni fundi wa kuchomelea Kayole, fundi wa kweli, si wa kubahatisha. Mimi nilikuwa na akiba ya kuwaandikia wanafunzi wa majuu insha zao usiku. Pesa zikawa haba, mamake akakopa kwenye chama chao. Jumla laki mbili na nusu. Tukanunua leithi.

Kama huijui, leithi ni ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikitulia na kukikata. Bila hiyo hakuna bushi ya springi ya matatu, hakuna pini, hakuna puli ya kinu cha posho. Na si kitu kigeni kwetu vile tunadhani. Kiswahili kina kitenzi chake kabisa, kukereza, na maseremala wa Pwani walikereza miguu ya vitanda vizito ambavyo mpaka leo watalii wanavipiga picha Lamu. Sisi wa bara neno lilitupita, tukabaki na leithi. Sawa, tuiite hivyo.

Yetu ilikuwa ya kijani. Buda, iling'aa! Ilipakwa rangi kila mahali, hadi juu ya kibao cha mota chenye maandishi. Muuzaji alisema ni ya Mwingereza, haifi. Tukamwomba aiwashe. Akasema stima ya hapo ina shida siku hiyo. Tukaangaliana, tukaangalia rangi, tukalipa. Mzigo wa zaidi ya nusu tani ukapanda kanta, vijana sita wakausukuma juu ya mabomba hadi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ploti. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mamake binamu aliomba.

Wiki ya kwanza tulikwangua rangi kwenye kibao tukajua kwamba mota ni ya fezi tatu, volti 415 peke yake. Ploti yetu ina fezi moja, volti 240. Tungejua kusoma kibao kabla ya kulipa, tungetafuta chenye maandishi 240/415. Mota ya namna hiyo unaweza kuipanga upya waya zake na kuilisha kwa inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu, ukafanya kazi nyumbani bila matata. Ile yetu ikabidi itolewe, tukanunua nyingine, tukakopa tena.

Ilipowaka, ilikata. Lakini ilikata vibaya. Fimbo ya chuma ikitoka, upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba. Tukageuza kisu, tukabadilisha mwendo, tukalaumiana. Mwishowe tukamwita mzee mmoja wa Kariobangi ambaye amekereza tangu kabla hatujazaliwa.

Mzee hakugusa hata swichi. Alichukua kitambaa, akapangusa zile reli ambazo gari la kisu huteleza juu yake, kisha akapitisha ukucha kutoka katikati hadi kando. Ukucha ukakwama kwenye kingo. Akasema, "Hapa pamekufa." Akatuomba soda. Kwa dakika kumi na soda moja, tulipata elimu ambayo laki mbili na nusu haikutupa, na ambayo miaka miwili ya chuo haikunipa.

Nitakupa bure, kwa sababu wanaohubiri kujiajiri hawatakupa.

Kwanza, kitanda. Hicho ndicho mashine. Vingine vyote ni nguo. Kazi nyingi hufanyika karibu na kichwa, kwa hivyo reli huliwa pale, si kule mkiani. Lisogeze gari hadi karibu na kichwa, kaza skrubu zake mpaka liende kwa ugumu kidogo, kisha lisukume taratibu kuelekea mkiani. Likizidi kuwa gumu au likwame, basi kule ni kupya na hapa pameliwa. Hilo halitengenezwi kwa rangi wala kwa maombi. Kunyoosha kitanda upya ni kazi ya karakana kubwa, na bei yake inaweza kumeza bei ya mashine.

Pili, mhimili, ule unaozungusha kazi. Weka saa ya kupimia, ile yenye mshale na sumaku chini, iguse mhimili, uuzungushe kwa mkono. Mshale ukicheza chini ya 0.01 mm, uko sawa. Kisha ingiza kipande cha mti chini ya mhimili, uunyanyue kidogo, uangalie mshale tena. Ukiruka sana, beringi zimelegea au zimekwisha. Ukiwasha, pitia kila gia moja moja na usikilize. Ngurumo ya kawaida ni sawa. Mgongo wa "tak, tak, tak" unaojirudia kila mzunguko ni jino lililovunjika.

Tatu, jua kutofautisha kidonda na mkwaruzo. Ukizungusha mpini na gari lisisogee mara moja, hapo kuna nafasi kati ya skrubu na nati yake. Muuzaji akiona umekunja uso atashusha bei, na wewe mwache ashushe, kwa sababu nati hiyo ni kitu kidogo, unaweza kuikereza mpya kwa shaba nyeusi. Kutu ya juu juu pia isikutishe. Mashine mbovu ya kutazamwa yenye kitanda kizima ni bora mara kumi kuliko bibi harusi wetu wa kijani.

Nne, ikate mbele yako. Kamata fimbo nene, acha pete mbili zilizo umbali wa kama sentimita 15, zikate zote kwa pito moja jepesi bila kugusa kisu, uzipime kwa maikromita. Tofauti ikiwepo, usikimbilie kulaani. Mashine iliyokaa kwenye sakafu isiyo sawa hujipinda, na ikisawazishwa hupona. Lakini tofauti pamoja na ukucha uliokwama, hiyo ni hukumu. Yetu ilitofautiana kwa 0.2 mm. Unywele wako ni kama 0.07 mm. Beringi inataka mahali pake pakatwe kwa usahihi wa mia mbili tatu za milimita. Yaani tulikuwa tunauza makosa ya unene wa nywele tatu na kuyaita bushi.

Sasa hapa ndipo hasira yangu hasa ilipo. Hata tungepata kitanda kizima, bado tungekwama, kwa sababu tulitumia kila shilingi kwenye mashine. Leithi tupu ni kama jiko bila sufuria. Unahitaji ile sahani yenye meno matatu ya kukamata kazi (mafundi huiita chaki, usiichanganye na ya ubaoni), na meno yake yasiwe yamepanuka mdomoni. Unahitaji ya meno manne kwa kazi isiyo ya mviringo. Mkiani unahitaji senta inayozunguka na kichwa cha kushika keekee. Unahitaji vipande vya chuma kigumu vya kukatia na grainda ya kuvinoa, saa ya kupimia, vanieri na maikromita. Na zile gia za kubadilisha: muuzaji akisema "zipo mahali, nitakutumia", jua hazipo, na bila hizo hukati nyuzi za bolti utakazo. Watu wanaofanya kazi hii nyumbani duniani kote hurudia jambo moja: vifaa vitakula pesa kama mashine yenyewe. Kwa hivyo kama una laki mbili na nusu, wewe si mnunuzi wa leithi ya laki mbili na nusu. Wewe ni mnunuzi wa leithi ya laki na ishirini. Anayekuambia vinginevyo ana asilimia yake pale.

Kuna wale watasema, si ununue mpya ndogo ya Uchina, yaishe? Inawezekana. Ukitaka kukereza vitu vidogo vya kushikika mkononi, fikiria hiyo, utalala usingizi. Lakini ni nyepesi, na kwenye leithi uzito ndio unaozuia kisu kutetemeka. Puli ya kinu haitakuonea huruma. Na hata hiyo mpya, ikague vilevile.

Wengine watasema mafundi wa jua kali hawana saa za kupimia na wanaunda kila kitu. Hao ndio hunikera zaidi, kwa sababu wanasifu umaskini wa mtu. Yule mzee ana ukucha, ana sikio, na ana miaka arobaini. Hicho ni kipimo, tena ghali. Mimi na wewe hatunacho bado. Anayetwambia tumwige mzee bila kifaa anatuambia tulipie miaka arobaini kwa mkopo wa chama cha mama.

Na serikali zetu? Hii nchi imependa jua kali kwenye karatasi tangu zamani. Kuna waraka rasmi wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza tuunde gari letu wenyewe, na 1990 Nyayo Pioneer zikazinduliwa Kasarani. Gari halikuwahi kufika sokoni. Kilichobaki ni kampuni ya kukereza na kuchonga vyuma, Numerical Machining Complex, iliyotokana na ndoto ile. Mimi hapo naona somo: gari liliondoka, mashine zikabaki. Lakini sisi bado tunasherehekea gari. Tunapenda utepe, hotuba na rangi mbichi. Hakuna anayekata utepe kwa sababu kijana amejifunza kusoma maikromita.

Chuoni nilichora mchoro wa nguvu zinazokaa kwenye ncha ya kisu nikapata alama nzuri. Leithi tuliigusa kwa zamu, wanafunzi wengi mashine moja, nami zamu yangu ilikuwa kushika kitambaa. Si kwamba hesabu ile ni bure, hapana. Ila hakuna mtu aliyenifunza kupitisha ukucha. Hata jambo la kwanza la usalama, kwamba kwenye leithi hauvai glavu kwa sababu chuma kinachozunguka huikamata na mkono ukifuata, nililisikia kwa yule mzee wa soda.

Mashine ya kijani tuliiuza kwa kilo. Deni la chama nililimaliza mwaka huu, insha baada ya insha, nikiwaandikia watoto wa watu kuhusu ujasiriamali Afrika. Ndiyo, cheka tu. Mamake binamu hakuwahi kutukaripia hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko kama angetukaripia. Alikuwa akiniuliza tu, "Na ile mashine, ilikuwa na shida gani kwani?" Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba hatukuangalia.

Binamu sasa anaweka pesa tena. Safari hii anataka kitu kidogo, chenye kutu, na nusu ya pesa imefungwa kando kwa vifaa. Jumamosi huwa naandamana naye kwenye yadi, nikiwa na kitambaa, tochi, ile saa ya sumaku na kipande cha mti. Wauzaji hawatupendi. Juzi mmoja alituona tukiinama kwenye reli, akaanza kusema stima imepotea.

Tulimwambia hakuna shida, tutarudi ikirudi.