Wastaafu wetu wanaandaliwa mifuko, vichwa vinasahauliwa

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaruhusiwa kustaafu akiwa na miaka 55, na akifika 60 analazimika, isipokuwa wachache kama maprofesa na madaktari bingwa. Mwajiri anayejali humpeleka semina kabla ya siku hiyo. Huko atafundishwa kujaza fomu za mafao, kuwakwepa matapeli wanaonyemelea kiinua mgongo, kufuga kuku na kujenga vyumba vya kupangisha. Ni mafunzo mema na yaendelee. Lakini hatujasikia semina inayomuuliza mstaafu mtarajiwa: Jumatatu ya kwanza ukiwa nyumbani, kichwa chako kitashughulika na nini?

Leo tunapiga mbiu kwa sababu swali hilo limeachwa muda mrefu mno.

Mwalimu aliyeandaa masomo kwa zaidi ya miaka thelathini, muuguzi wa zamu za usiku, karani wa mahakama anayejua kila jalada lilipo, wote hawa walikuwa wakikumbuka, wakipima na kuamua mambo kila siku. Kisha asubuhi moja yote yanakatika. Nyumbani nako watoto, kwa mapenzi kabisa, wanamalizia kilichobaki. "Baba, wewe kaa upumzike." Sokoni anaenda dada wa kazi. Hesabu za fundi anazishika kifungua mimba. Simu yake anabonyeziwa na mjukuu, hata namba ya siri ya pesa anayeijua ni mjukuu. Kwenye kikao cha ukoo anaamkiwa vizuri, anaketishwa kiti cha mbele, kisha anaarifiwa yaliyokwisha kuamuliwa. Baada ya miaka michache anauliza jambo lile lile mara tatu kabla ya chakula cha mchana, nasi tunasema ni uzee.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao duniani, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu. Anayedhani huu ni ugonjwa wa Ulaya aende Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti waliopita vijijini huko waliukuta kwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Mahali pengine nchini mzee anayepotea njia usiku au kuzungumza peke yake hadhaniwi kuwa mgonjwa, anaitwa mchawi, na tunajua fika vikongwe wamefanywa nini kwa tuhuma za namna hiyo.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huu ambayo binadamu anaweza kuyadhibiti. Yamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, masikio yasiyosikia vizuri, macho yasiyotibiwa, upweke na elimu duni ya utotoni. Kwa makadirio yao, yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Wengine wataugua hata wakifanya kila kitu, na familia zao zisilaumiwe hata kidogo. Ila nusu ni watu wengi mno kuwaacha hivi hivi.

Basi mtu aanzie wapi? Aanze na lengo dogo linaloweza kupimwa. "Nitajiendeleza" ni neno tupu. "Nitasoma kurasa tano kila asubuhi na jioni nimsimulie mwenzangu" ni kazi. Kuandika majina ya ukoo vizazi vinne nyuma, kushika daftari la kikoba, kuhifadhi sura moja ya Kurani kwa mwezi, kujifunza kutuma pesa mwenyewe, yote haya yana mwanzo na mwisho unaoonekana. Anayetaka mchezo, bao lipo: kete 64, na mchezaji hodari anahesabu mitaji kadhaa mbele kabla hajagusa shimo.

Mfano bora tunao jirani, Kenya. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, Kimani Maruge alisikia. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza mjini Eldoret, akavaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake. Lengo lake lilikuwa la wazi: aisome Biblia kwa macho yake na aweze kuhesabu fedha zake. Ghasia za baada ya uchaguzi zilimfukuza kwake, akaishi kambini, na akaendelea kwenda shule. Alifariki mwaka 2009 akiwa bado mwanafunzi. Alitamani ukurasa unaofuata, na ndiyo maana alifika mbali.

Sisi Watanzania hatuna udhuru. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na taifa zima likakaa chini ya miti na ubao. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo hadi leo. Maktaba za mikoa zipo, nyingine zina viti vitupu asubuhi nzima.

Tunataka waajiri wote, wa umma na binafsi, waongeze kipindi cha afya ya akili na kumbukumbu kwenye semina za wastaafu, na kila anayehudhuria atoke na lengo moja aliloliandika kwa mkono wake. Maktaba za mikoa ziwatengee wastaafu siku yao katika wiki, na Taasisi iwapelekee walimu. Kliniki za wazee zipime masikio na macho sambamba na presha, kwa maana asiyesikia hujitenga na mazungumzo. Nanyi watoto, mrudishieni baba daftari la fundi, na mama mwacheni aende sokoni akabishane bei mwenyewe.