KHALID BIN WALID SI WA PANGA TU

Hizi klipu za Khalid (r.a.) mnazorushiana kwenye magrupu, mwanzo mwisho ni vichwa kukatwa, zinamdhulumu. Jina la Upanga wa Mwenyezi Mungu alilipata wapi? Mu'tah, mwaka wa 8 Hijria. Waislamu 3,000, na makamanda watatu, Zayd, Ja'far na Ibn Rawaha, wameshakufa mashahidi. Akashika bendera, akapigana mpaka panga tisa zikamvunjikia mkononi, kisha akaliondoa jeshi likarudi Madina. Naam, alirudi nyuma! Wapo waliowapokea kwa kuwarushia mchanga, eti watoro. Mtume (s.a.w.) akawatetea. Wewe unayewafundisha vijana kwamba ushujaa ni kuua tu, hiyo Mu'tah mbona huirushi?